Bukavu: Pesa zilipokosa pa kulala

Ijumaa tarehe 14 Februari 2025, wapiganaji wa AFC/M23 walichukua kiwanja cha ndege cha Kavumu, kama kilomita 30 kaskazini ya Bukavu, na jioni hiyo wengine wakaanza kuingia mjini. Siku ileile wafungwa wa gereza kuu walitoroka. Jumamosi mji ulibaki bila mwenyewe. Askari wa FARDC walikuwa wameondoka, polisi hawakuonekana, na maghala yakavunjwa. Shirika la Chakula Duniani, PAM, lilitangaza kwamba karibu tani 7,000 za chakula cha msaada ziliporwa. Jumapili tarehe 16 Bukavu ikawa mikononi mwa waasi.

Hayo dunia iliyaona kwa picha. Kilichoonekana kidogo ni mlango wa benki. Matawi ya benki yalifungwa wakati wapiganaji wanakaribia, kama yalivyofungwa Goma mwisho wa Januari, na Kinshasa haikutaka pesa yoyote ipite huko na kuishia mikononi mwa waasi. Wenye akaunti wakafikiri ni jambo la siku mbili tatu. Wiki zikapita, halafu miezi. Huko Goma waasi walifungua tena ofisi ya CADECO mwezi wa Aprili, lakini mtu aliyekuwa ameweka pesa yake katika benki ya kibiashara hakupata chochote kwa hilo.

Katika mji ambao mshahara wa mwalimu, wa muuguzi na wa mfanyakazi wa shirika hupitia benki au simu, hali hiyo ilifanya kila nyumba itafute mtu mwingine wa kuamini. Wengine walimpata. Wengine walimpata mwizi. Na wengi, mpaka leo, hawajui ni yupi kati ya hao wawili waliyempa pesa yao.

Pesa ya simu na bei ya noti

Kimbilio la kwanza lilikuwa kabini, ile meza ndogo chini ya mwavuli ambapo mtu huweka na kutoa pesa ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Bukavu imezoea kabini. M-Pesa ilifika Kongo mwaka 2012, na tangu hapo mama wa Kadutu anayeuza sambaza anaweza kumlipa mvuvi bila kushuka mpaka ziwani. Wengi walisema: benki imefungwa, lakini simu iko mkononi.

Wachache walijua kwamba nyuma ya simu kuna benki ileile. Mwenye kabini hupokea noti kwa wanaoweka na huzitoa kwa wanaochukua. Siku anapobaki na noti nyingi, huzipeleka benki zigeuke kuwa pesa ya simu. Siku noti zinapomwishia, huenda benki kuzitafuta. Benki ikifungwa, njia zote mbili zinakatika. Noti mpya nazo hufika mashariki kwa ndege, na viwanja vya Goma na Kavumu vilikuwa vimefungwa vyote viwili. Kinshasa iliendelea kulipa wafanyakazi wake, mashirika yaliendelea kutuma, ndugu walioko nje waliendelea kusaidia, na vyote hivyo vilifika kwenye simu. Kila mtu alitaka kutoa, na karibu hakuna aliyetaka kuweka.

Noti ikawa bidhaa yenye bei, kama makala na unga. Tuseme mwalimu amepokea franka 200,000 kwenye simu na mwenye kabini anakata 5 kwa kila 100. Mwalimu anaondoka na 190,000, nazo mara nyingi ni noti zilizochoka ambazo muuza unga atazigeuza mara mbili mbili kabla ya kuzipokea. Makato hayo hayakuwa na kiwango kimoja. Yalipanda na kushuka kwa siku na kwa mtaa, na kwa jinsi mtu alivyokuwa na haraka. Mwenye mgonjwa alikatwa kuliko asiye na mgonjwa, kwa sababu hakuweza kusubiri kesho.

Ni rahisi kuwatukana wenye kabini, na walitukanwa sana. Lakini kijana wa kabini naye alikuwa akinunua noti kwa kambiste kwa bei ya juu. Na jioni alizibeba nyumbani kwake, katika mji ambao gereza lake lilikuwa tupu.

Mwenye kadi ya benki alikuwa na njia nyingine: kuvuka daraja la Ruzizi mpaka Kamembe, upande wa Rwanda, kutafuta mashine ya pesa. Safari hiyo ilihitaji karatasi, nauli na siku nzima. Kwa mzee, mgonjwa au mama mwenye mtoto mchanga haikuwezekana. Hapo ndipo mtu huanza kutazama nani anavuka kesho, na kama anaweza kumpa kadi pamoja na namba yake ya siri.

Chini ya godoro

Waliofaulu kutoa pesa walirudi kwenye desturi ambayo wazazi wao waliijua: chini ya godoro, ndani ya ndoo ya unga, katikati ya vikwembe vilivyokunjwa. Wakati huohuo wafungwa walikuwa nje, na silaha zilizotupwa na askari waliokimbia zilikuwa zimeokotwa na vijana. Kila mwizi wa Bukavu alijua kwamba benki zimefungwa. Kwa hiyo alijua pia kwamba pesa ziko nyumbani.

Miezi iliyofuata ilikuwa na usiku mbaya Kadutu, Ibanda na Bagira. Watu wenye bunduki waligonga milango na kudai pesa, na hawakuamini jibu la kwamba hakuna. Raia nao walianza kujilinda kwa filimbi na sufuria, halafu kwa mawe na moto. Watu walioshukiwa wizi walichomwa na umati, na si wote walikuwa wezi.

Kuna jambo ambalo halisemwi sana katika habari za usiku huo. Mwizi anayegonga mlango mmoja na kuacha mingine mara nyingi ana sababu. Mtu amemwambia. Pengine ni aliyeona mama akitoka kabini. Pengine ni kijana wa nyumbani, au jirani aliyeombwa kusaidia kuhesabu. Hofu hiyo iliingia ndani ya familia, na mama akaanza kumficha mumewe mahali alipoweka akiba. Siku mama akiugua ghafla au kukimbia, akiba hiyo hubaki ukutani bila mtu anayejua.

Ujumbe uliotumwa kwa makosa

Matapeli wa simu hawakuletwa na vita. Walikuwepo zamani na mbinu zao zinajulikana. Ujumbe unaingia ukifanana na ule wa kampuni, ukisema umepokea kiasi fulani. Dakika moja baadaye mtu anapiga, anakuita mama au papa kwa heshima kubwa, analia kwamba ametuma kwa makosa pesa ya mgonjwa, anaomba umrudishie. Ukirudisha, umetuma pesa yako mwenyewe, kwa maana ya kwake haikuingia kamwe. Mwingine anajifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu na kuomba namba ya siri ili akaunti isifungwe.

Vita viliwapa jambo moja walilokosa: sababu ya kuaminika. Zamani mtu angejiuliza kwa nini mgeni anatuma pesa. Mwaka 2025 kila mtu alikuwa akingoja pesa kutoka kwa mtu. Ndugu wa Kinshasa, mwajiri aliyehamia Uvira, parokia, shirika, wote walituma kwa simu, mara nyingi kwa namba mpya zisizojulikana. Ujumbe wa uongo ulifika mahali ambapo ujumbe wa kweli ulikuwa ukisubiriwa. Kumwita mjinga aliyeanguka hapo ni kutojua alivyokuwa akiishi.

Zikaja pia programu za simu na makundi ya WhatsApp yanayoahidi faida kila siku: weka dola 20, leta watu watatu, kula bila kutoka jasho. Wakongo wenye umri wa miaka 50 na zaidi wanaujua mchezo huo. Mwishoni mwa mwaka 1990, Michel Bindo alifungua Kinshasa nyumba yake ya Bindo Promotion, na nyingine kama Nguma zikamfuata. Watu waliuza magari na viwanja ili waweke. Waliotangulia walilipwa kwa pesa ya waliofuata, na mwaka 1991 mchezo ukaanguka. Benki za Zaire wakati huo hazikutoa pesa na bei zilikuwa zikipanda kila wiki. Aliyeweka kwa Bindo hakuwa na tamaa kuliko wazazi wake, alikuwa amekosa mahali pengine pa kuweka. Programu za leo hustawi kwa sababu ileile.

Likelemba ilipokatika njiani

Lakini pesa nyingi za akina mama wa masoko ya Bukavu hazikuwa benki wala kwenye programu. Zilikuwa kwenye likelemba. Na hapa habari inakuwa ngumu.

Hesabu yake kila muuza mboga anaijua kichwani. Akina mama kumi wanatoa dola 10 kila wiki, na kila wiki mmoja anachukua dola 100. Hakuna riba, hakuna ofisi, hakuna karatasi isipokuwa kaye ya shule yenye majina kumi. Wa kwanza anachukua 100 akiwa ametoa 10 tu, kwa hiyo amekopeshwa na wenzake. Wa kumi ametoa kwa wiki tisa kabla ya kuona chochote, kwa hiyo yeye ndiye mkopeshaji. Kinachowashikanisha ni kwamba wa kwanza ataonekana sokoni wiki ijayo, meza ileile, pembeni ya wenzake walewale.

Sasa vita viingie baada ya zamu ya nne. Wanne wamechukua dola 100 kila mmoja na kutoa 40, wamebaki na deni la dola 60 kila mmoja. Jumla ni dola 240. Sita waliobaki wametoa 40 kila mmoja bila kuchukua kitu. Nao jumla yao ni 240.

Kufikia Machi 2025, watu zaidi ya 60,000 walikuwa wamevuka kuingia Burundi, wengi wakipita mto Ruzizi kwa mitumbwi na wengine kwa kuogelea. Kuna waliozama. Waliofika walirundikana kwenye kiwanja cha michezo cha Rugombo, katika Cibitoke, mvua ikiwanyeshea. Wengine walikwenda Idjwi, Kamembe, Bujumbura, Kigoma. Kati yao wamo akina mama waliokuwa wamechukua zamu yao.

Kwa aliyebaki Kadutu, habari ni fupi. Fulani amekula zamu, simu yake haipatikani, amekimbia na pesa. Kwa aliye Rugombo, habari ni ndefu. Pesa ya zamu ilikuwa mtaji wa vikwembe vilivyoporwa dukani Jumamosi ile. Kilichobaki kililipa mtumbwi wa watoto wanne. Simu haipatikani kwa sababu betri imekwisha, au mtandao wa Kongo haufiki, au simu yenyewe imeuzwa kwa unga. Huenda anadaiwa kweli na anataka kulipa kweli. Huenda pia alijua tangu mwanzo kwamba ataondoka, akaomba zamu ya mapema. Kutoka Kadutu, watu hao wawili wanafanana kabisa.

Mama mtunza kaye yuko katikati. Yeye ndiye aliyewaita wenzake, na kwa desturi ya soko anayeita watu ndiye hujibu kwa ajili yao. Akilipa sita kutoka mfukoni mwake, anaanguka. Asipolipa, jina lake linaharibika, na bila jina hakuna atakayempa hata gunia moja la makala kwa mkopo.

Neno mwizi

Sheria ya Kongo inatofautisha mambo ambayo sokoni huitwa kwa jina moja. Kitabu cha pili cha sheria ya jinai, kifungu cha 95, kinaadhibu kile ambacho Kifaransa huita abus de confiance: mtu alikabidhiwa pesa au mali ili airudishe au aitumie kwa kazi fulani, naye kwa hila akaila au kuipoteza. Kifungu cha 98 kinaadhibu utapeli, yaani kumdanganya mtu kwa jina la uongo au hila mpaka atoe mali yake mwenyewe. Makosa yote mawili yana kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5.

Kushindwa kulipa deni si mojawapo. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, ambao Kongo inaufuata, unasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya mkataba. Aliyepewa kadi na namba ya siri akachukua pesa zote anaingia kifungu cha 95. Aliyetuma ujumbe wa uongo ni wa kifungu cha 98. Mama wa Rugombo, kama habari yake ni ya kweli, anadaiwa tu, na deni lake ni la mahakama ya kiraia.

Tofauti hiyo inahitaji mtu wa kuipima. Baada ya Februari 2025 mahakama za serikali zilisimama Bukavu, na majaji na waendesha mashtaka wengi waliondoka. Kesi zikaenda kwa mkubwa wa avenyu, kwa nyumba kumi, kwa mchungaji, kwa baba mkubwa. Baadhi ya hao wana busara na wamemaliza ugomvi mwingi kwa utulivu, kwa kukubaliana franka kidogo kidogo kila Jumamosi. Hawana uwezo wa kumwita mtu aliye Bujumbura. Na hawana uwezo wa kuzuia umati.

Hilo la mwisho ndilo la hatari. Mahali ambapo gereza lina walinzi na mahakama ina jaji, kumwita mdeni wako mwizi mbele ya watu ni matusi. Bukavu ya 2025, neno hilo likipigwa kelele barabarani huleta mawe na petroli kabla mtu hajauliza ni deni la nini. Mkimbizi anayetaka kurudi anajua hivyo. Anaweza kuogopa bunduki kidogo kuliko anavyoogopa kukutana na wenzake watano wa likelemba pale sokoni bila dola 60 mkononi.

Funguo tatu

Si mara ya kwanza kwa Bukavu kuona pesa ikifa. Tarehe 25 Desemba 1979 Mobutu alifuta noti za zaire 5 na 10, na aliyekuwa mbali na benki aliamka na karatasi. Mwaka 1993 noti ya milioni tano ilikataliwa na wafanyabiashara, na mwezi wa Oktoba zaire mpya moja ikachukua nafasi ya milioni tatu za zamani. Franka ya Kongo ilizaliwa tarehe 30 Juni 1998, mwezi mmoja tu kabla ya vita vya RCD kuutenga mji na Kinshasa. Juni 2004 askari wa Nkunda na Mutebutsi waliingia, na mji ukaporwa. Ndiyo sababu mzee wa Bukavu hupenda dola, na dola isiyo na mkunjo wala alama ya kalamu.

Ndiyo sababu pia Kivu Kusini ina vikundi vingi vya akiba. Katika zile zinazoitwa AVEC, mfumo uliozaliwa Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima, sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na wanachama watatu tofauti, wakati sanduku lenyewe linalala kwa wa nne. Pesa huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Katika MUSO, ambazo hata Fondation Panzi inazitumia vijijini, akiba ya mikopo iko katika kasha la kijani, msaada wa wagonjwa na misiba katika lile jekundu, na pesa kutoka nje katika la bluu.

Wanawake wanaokaa hivyo wanaaminiana, vinginevyo wasingekaa pamoja. Wamekubaliana tu kwamba hakuna atakayeaminiwa peke yake. Vikundi vilivyozoea kukopesha karibu pesa yote siku ya mkutano vilikuwa na faida nyingine: sanduku lililala karibu tupu, na mwenye bunduki akilikuta hakupata kitu. Lakini hata mfumo huo una udhaifu uleule wa likelemba. Pesa isiyo sandukuni iko kwa watu, na watu walikimbia. Ufunguo wa pili unaweza kuwa Kigoma.

Ilipobaki ni daftari. Sheria ya kiraia ya Kongo inataka maandishi kwa deni lolote linalopita franka 2,000, kiasi ambacho leo hakifiki dola moja, kwa hiyo ni karibu kila deni. Kwa wafanyabiashara wao kwa wao, ushahidi wa namna nyingine hupokelewa pia, na ujumbe wa pesa ya simu wenye tarehe na kiasi ni ushahidi wa namna hiyo. Wanaotunza kaye za zamani wanafanya vizuri kuziandika upya kabla panya au mvua hazijazimaliza, na kila aliyepo aweke sahihi au kidole mbele ya jina lake. Aliye mbali anaweza kutuma ujumbe akikiri kiasi anachodaiwa. Ujumbe huo unamlinda naye, kwa sababu anayekiri deni kwa maandishi ni vigumu kuitwa mwizi.

Muda upo. Deni kati ya wafanyabiashara, kwa sheria ya OHADA ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, hufa baada ya miaka 5. Deni la kawaida kati ya majirani huishi miaka 30. Zikihesabiwa kama deni la kawaida, dola 60 za Februari 2025 zinaweza kudaiwa mbele ya jaji mpaka mwaka 2055, siku jaji atakapokuwepo.